Ahadi iliyoandikwa kazi ikiwa imeshaisha: ni mkataba au karatasi tu?

Msumari_Mkavu
Wakuu, naomba msaada wa wanaojua sheria. Nyumba ya shemeji yangu ilikuwa inavuja. Wiki tatu nilishinda juu ya paa: nimeng'oa mabati yenye kutu, nimebadilisha mbao mbili za kenchi, mifereji nimeifunga upya. Bei hatukutajiana, ndiyo mambo ya ushemeji. Siku nashusha ngazi akafurahi mwenyewe, akachukua karatasi akaandika "kwa kazi uliyonifanyia nitakulipa mwezi ujao", akataja na kiasi, akasaini. Dada yangu akasaini kama shahidi. Huu ni mwezi wa tano. Juzi namkumbusha, ananijibu kamuuliza mtu wa sheria, kaambiwa karatasi ile haina nguvu kwa sababu hakuna nilichompa kwa ile ahadi. Sikumpa kitu? Na paa je?

Kalamu_Butu
Pole mkuu. Kinachouma ni kwamba huyo mtu wa sheria hakubuni. Kwenye sheria ya mikataba iliyotoka Uingereza, ahadi ya bure haimfungi mtu hata akiisaini mara kumi. Lazima pawe na nipe nikupe. Hicho kinachotolewa ndicho wanasheria wetu wanakiita "malipo", neno linalopoteza wengi, maana si lazima kiwe fedha. Kazi ni malipo. Hata kukubali kuacha jambo ulilo na haki nalo ni malipo. Ila kitolewe kwa ajili ya ahadi. Wewe ulipaua kwanza, ahadi ikaja nyuma, ikakuta paa limeshakaa.

Soma kesi ya Re McArdle ya 1951, utadhani ni yako. Mke wa mmoja wa warithi alikarabati nyumba ya familia. Kazi ilipokwisha, warithi wote wakasaini kwamba atarudishiwa pauni 488 kutoka kwenye urithi. Mahakama ya Rufani ikasema kazi ilitangulia ahadi, kwa hiyo ahadi haikununuliwa na chochote. Hakupata kitu.

Chai_Rangi
Sasa si angempa shemeji chochote siku ile ya kusaini, hata kalamu? Nakumbuka ile kesi ya makaratasi ya chokoleti.

Kalamu_Butu
Chappell v Nestlé, 1960. Mteja alituma hela kidogo na makaratasi matatu ya chokoleti, anapewa sahani ya muziki. Makaratasi yenyewe yakifika yanatupwa, lakini majaji walisema ni sehemu ya malipo. Ni kweli, mahakama haipimi kama ulichotoa kinalingana na ulichopata. Angempa kalamu, na karatasi ikasema wazi kwamba ahadi ni kwa ajili ya kalamu hiyo, tungekuwa na hadithi nyingine. Hakumpa. Pia ahadi ingeandikwa kama hati rasmi ya kisheria, ile yenye taratibu zake za kusainiwa, malipo yasingehitajika kabisa. Karatasi iliyochanwa kwenye daftari sidhani kama inafika huko.

Msumari, nijibu swali moja. Nani alianza? Ulijipandia mwenyewe kwa huruma, au alikuita?

Nauliza kwa sababu kuna mlango wa pembeni, wa tangu 1615, Lampleigh v Brathwait. Brathwait alikuwa ameua mtu, akamwomba Lampleigh amtafutie msamaha wa mfalme. Lampleigh akasafiri huku na huko kwa gharama zake, na aliporudi ndipo akaahidiwa pauni 100. Ahadi ilikuja nyuma kama yako, lakini alishinda, kwa sababu ombi lilitangulia. Mwaka 1979, kwenye Pao On v Lau Yiu Long, majaji waliupanga vizuri: kazi iwe imeombwa na aliyeahidi, wote wawili wawe walielewa kwamba itakuwa na malipo, na malipo hayo yawe ya aina ambayo ingedaiwa kisheria kama yangeahidiwa mapema. Hilo la pili ndilo litakusumbua. Kati ya ndugu, mahakama huwa haina haraka ya kuamini kwamba mtu alifanya kazi akitegemea kulipwa.

Mwanafunzi_Mkongwe
Niongeze, inategemea uko nchi gani. Sheria ya mkataba ya India ya 1872, kifungu cha 25, inaitambua ahadi ya kumfidia mtu aliyekwisha kukufanyia jambo kwa hiari yake. Nchi zilizoiga sheria ile zina kifungu kama hicho. Huko McArdle haikutishi sana.

Msumari_Mkavu
Nimerudi. Nimeitafuta simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka lakini inawaka. Ujumbe wake huu hapa: "Shem njoo unitazamie paa, mvua zimekaribia. Jasho lako halitapotea." Tarehe ni siku mbili kabla sijapanda.

Kalamu_Butu
Ungeanza na hiyo! "Njoo" ni ombi. "Jasho lako halitapotea" ni malipo, na atakayesema alimaanisha baraka ana kazi ya kueleza. Karatasi ya baadaye sasa inakuwa ushahidi wa kiasi tu. Piga picha vyote viwili leo, peleka kwa wakili, na usimwambie shemeji kwamba simu bado inawaka.

Msumari_Mkavu
Dada ameshajua. Ndiye aliyenitunzia chaja.