Vifaru viuzwe chuma chakavu? Mimi napinga, na sababu zangu ni hizi

Wakuu, mleta mada amesema hivi: droni ya dola 500 inachoma kifaru cha mamilioni ya dola, kwa hiyo jeshi linalonunua vifaru leo linatupa fedha, na majeshi yetu ya Afrika Mashariki yauze vilivyopo kama chuma chakavu, fedha iende kwenye droni. Ametuwekea picha za Ukraine, vifaru vimeungua na vichwa vyake, ile sehemu ya juu yenye mzinga, vimelala pembeni ya barabara. Picha ni za kweli na sina ugomvi nazo. Ninachokataa ni hitimisho lake.

Mimi si mwanajeshi. Ni fundi wa mitambo mizito, miaka kumi na tisa sasa kwenye miradi ya barabara, na mikono yangu imezoea buldoza kuliko kitu kingine chochote. Nasema mapema ili mjue naongelea wapi.

Kifaru kimezikwa mara nyingi. Kiliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, Waingereza walipokipeleka Flers, Ufaransa, kivuke mahandaki na seng'enge ambazo askari wa miguu walikuwa wanafia. Oktoba 1973 kikatangaziwa kifo kwa sauti kubwa zaidi. Wamisri walivuka Mfereji wa Suez na makombora ya Kisovieti ya Malyutka, yale yanayoongozwa kwa waya: askari amelala mchangani, mkononi ana kirungu kidogo cha kuongozea, anaisindikiza roketi kwa macho mpaka ifike. Vifaru vya Israeli vilivyokimbilia mferejini bila askari wa miguu na bila mizinga ya kutosha viliteketea. Lakini siku chache baadaye Waisraeli walishaelewa kwamba yule mtu wa kirungu hawezi kuongoza kombora huku mizinga inamwagikia alipolala. Wakaanza kumpiga yeye kwanza. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 mwezi huohuo wakauvuka mfereji wao, na vifaru vikavuka pamoja nao.

Sisemi droni ni Malyutka. Droni ni mbaya zaidi, kwa sababu inaona, inazunguka nyuma, inasubiri. Hata zile Abrams 31, vifaru vya Kimarekani walivyopewa Waukraine, Aprili 2024 zilitangazwa kuondolewa mstari wa mbele kwa sababu ya droni. Hilo nalikubali bila kona kona. Lakini jiulize, mkuu: droni inayoweza kuchoma kifaru cha tani 60, itafanya nini kwa Land Cruiser? Itafanya nini kwa lori la turubai lenye vijana ishirini? Huko Ukraine leo inawinda malori ya chakula, pikipiki, na askari mmoja mmoja anayekimbia shambani. Ukisema kifaru hakifai kwa kuwa kinapigwa, basi na lori halifai, na mtu mwenyewe hafai. Kadiri anga inavyojaa macho ndivyo mtu aliye chini anavyohitaji bamba la chuma kati yake na mlipuko. M113, gari la deraya la Kimarekani lililoanza kutumika miaka ya 1960, bamba lake ni la aluminiamu tu, na mpaka leo Waukraine wanabebea majeruhi humo. Majeruhi hawezi kuchukuliwa na droni ya dola 500.

Kuna jambo kwenye zile picha ambalo mleta mada amelipita, nalo ni watu waliokuwa ndani. Kwenye T-72, kifaru cha Kisovieti, makombora ya mzinga yamepangwa kwa mduara sakafuni, chini kabisa ya walipokaa watu, kwa sababu mtambo wenyewe ndio unaopakia na watu ni watatu tu. Moto ukifika pale, kichwa kizima kinaruka juu, na hakuna wa kumuuliza kilichotokea. Sasa tazama picha za Mala Tokmachka, kusini mwa Ukraine, Juni 2023, kundi la vifaru vya Kijerumani vya Leopard 2 na magari ya deraya ya Kimarekani ya Bradley, yote ya Ukraine, zimekwama kwenye mabomu ya kutegwa ardhini, zimepigwa, zimeachwa. Kila mtu aliziona akasema, aibu gani hii. Lakini wengi wa waliokuwemo walitoka kwa miguu yao. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Chuma kinaweza kuagizwa tena. Dereva mwenye mafunzo ya miaka mitatu na mama yake kijijini, hapana.

Nije nyumbani, maana hapa mjadala unanigusa zaidi.

Machi 1979, Lukaya, Uganda. Barabara ya Masaka kwenda Kampala inapita kwenye bwawa, tope na matete huku na huku, na gari zito likiacha lami limezama. Jeshi letu la Tanzania lilikuwa limeshamtoa Amin Kagera na kuingia Masaka. Tarehe 10 msafara wa Walibya waliotumwa na Gaddafi ukashuka kutoka kaskazini na vifaru vipatavyo 15 vya T-55, magari ya deraya na mitambo ya kurusha roketi. Brigedi yetu ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiowahi kuona kitu kile, ikarudi nyuma kwa vurugu. Usiku Brigedi ya 208 ikazungushwa kwa mbali mpaka nyuma ya adui, na asubuhi ya tarehe 11 Walibya wakajikuta wanapigwa mbele na nyuma. Walibya waliokufa walifika 200 hivi. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili.

Kisa hiki watu hukitumia kusema, "Unaona, vifaru havikuwasaidia Walibya." Mimi nakisoma kwa pande zote mbili. Asubuhi ya tarehe 11 vifaru 15 havikuwaokoa kwa sababu vilikuwa juu ya barabara nyembamba bila watu wa kuvilinda ubavuni. Lakini jioni ya tarehe 10 vifaru hivyohivyo, pamoja na roketi zao, viliikimbiza brigedi ya watu jasiri. Mtu wa miguu akiona chuma kile kinakuja na yeye hana cha kukijibu, moyo unakwenda. Waliorudi na kujipanga upya usiku ule nawaheshimu mpaka leo. Sitaki kijana mwingine awekwe pale walipowekwa wao jioni ile.

Na ukitaka mfano wa karibuni, Waganda walitumia T-55 Mogadishu, kifaru chenye umri kuliko wengi tunaochangia hapa. Al-Shabaab walikuwa wametoboa kuta za nyumba wakitembea ndani kwa ndani, wanapigana kutoka chumba hadi chumba. Dhidi ya ukuta wa mawe wenye bunduki ya rashasha nyuma yake, mzinga wa kifaru kizee ulitosha, na Agosti 2011 Al-Shabaab wakatoka katikati ya mji. Ila nje ya mji, barabarani, hali ikageuka. Kule adui alikuwa bomu lililofukiwa chini ya kifusi, na lililookoa watu ni gari la Casspir, ubunifu wa Afrika Kusini. Ukilala chini yake utaona tumbo lake limechongwa kama mtumbwi, kwa herufi V, ili mlipuko ugawanyike kwenda pembeni badala ya kupanda kwa watu. Halina mzinga, na gwarideni hakuna atakayeligeukia. Lakini watu wamerudi kwao kwa sababu ya umbo la tumbo lile.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Shilingi ya kwanza iende kwenye gari linalombeba askari wa miguu. Ya pili iende kwenye droni zetu wenyewe pamoja na vifaa vya kuvuruga mawimbi ya droni za mwenzio. Ya tatu ndiyo ya vifaru, vichache, vya tani 40 hivi, vinavyofanyiwa mazoezi kila mwezi. Vile vya tani 60 na kitu tuwaachie wenye reli na madaraja yake.

Kwenye uzito naomba mnisikilize kama fundi. Buldoza la D8 lina karibu tani 40. Kifaru cha Kichina cha Type 59, ambacho jeshi letu, JWTZ, lilienda nacho Uganda, kina tani 36. Ni ndugu hao. Nasi hatuendeshi buldoza kutoka saiti moja hadi nyingine, linapanda lobedi, lile trela la chini la kubebea mitambo, kwa sababu kila kilomita ya lami inakula cheni, inakula rola, na barabara yenyewe inaumia. Kifaru nacho ni hivyohivyo. Wa Mombasa mtakumbuka meli ya Faina iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikiwa na T-72 33 ndani. Walizungumza na dunia nzima miezi zaidi ya minne, na katika muda wote huo hakuna kifaru hata kimoja kilichoshuka. Ungekishushaje, bila gati na bila kreni, upeleke wapi?

Sasa tuseme cheni imekatika. Pini imegoma. Mmoja anashika chuma cha kutolea pini, mwenzake anapiga nyundo, wakichoka wanapokezana, jua la saa saba, na baada ya nusu saa pini imesogea upana wa kidole. Hapo nipo kwenye tuta la barabara, hakuna anayenipiga risasi, na lori la spea liko umbali wa simu moja. Abrams inabeba mafuta lita 1,900 hivi na kwa hayo inakwenda kilomita 400 na kidogo. Kila kifaru kinakokota nyuma yake bowza la mafuta, lori la makombora, gari la kukivuta kikikwama, na mafundi kama mimi. Na haya yote ni ya bati jembamba. Anayenunua kifaru bila kuyanunulia haya ulinzi amenunua sanamu.

Amin alipolipua daraja la Kyaka kwenye mto Kagera mwanzoni mwa Novemba 1978, jeshi letu lilibaki ng'ambo likitazama mto, mpaka wahandisi walipoweka daraja la muda. Watu wanakumbuka mizinga na vifaru. Wale wa daraja sijawahi kusikia wakitajwa.

NAONGEZA, baada ya kusoma michango yenu.

Ndugu aliyeleta vita vya Chad na Libya, asante, ni mfano mzito kuliko wa mleta mada. Ni kweli, Januari 1987 pale Fada Wachadi kwenye Toyota, wakiwa na makombora ya Milan ya kupigia vifaru, waliharibu vifaru zaidi ya 90 vya Libya katika pigano moja, na wao wakapoteza watu wachache mno. Lakini angalia mahali. Jangwa wazi, gari linakimbia kilomita mia kwa saa kutoka upande wowote, na Walibya wamejichimbia wakitazama upande mmoja. Milan inahitaji kuona mbali. Nipeleke mimi Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye migomba na vilima, nionyeshe hiyo nafasi ya kuona kilomita mbili. Tena mwaka 1987 hapakuwa na jicho angani. Vumbi la Toyota mia leo linaonekana kabla hazijafika.

Aliyesema Wanamaji wa Marekani (Marine Corps) waliondoa vifaru vyao vyote kuanzia 2020: ndiyo, waliondoa. Wanajiandaa kwa visiwa vya Pasifiki, na wakikwama jeshi lao la nchi kavu lina vifaru maelfu. Sisi hatuna wa kumwazima. Mfano unaotufaa ni Uholanzi. Mwaka 2011 waliamua kufuta vifaru vyote kubana matumizi. Baadaye wakakodi 18 kutoka Ujerumani ili ujuzi usife, na 2024 wakatangaza kununua vipya. Kifaru unaweza kukiagiza kikaja kwa meli, lakini sajini anayejua kwa mlio kwamba giaboksi inaanza kuchoka humpati kwa oda.

Na wewe uliyeuliza kwa ukali, "Kwa nini tulishe vifaru wakati zahanati hazina dawa?" Swali lako sitaliruka. Ndiyo maana nimesema vichache. Niliwahi kukuta kwenye yadi moja buldoza jipya limesimama miaka miwili kwa mgogoro wa mkataba. Sili zimekauka, panya wamekula waya, betri zimevimba, na mita inasoma saa chini ya mia. Fedha ile ingejenga zahanati kweli. Vifaru hamsini vinavyowashwa kwa ajili ya gwaride ni buldoza lile mara hamsini. Bora kumi vinavyochubuka rangi kila mwezi, vikitembea bega kwa bega na askari wa miguu na vijana wa droni mpaka wazoeane kwa sauti.

Kwa hiyo nawauliza mliovaa sare, hasa mliokuwa Uganda mwaka 1979 na mliorudi Somalia au Kongo. Siombi siri ya jeshi. Mlipopiga kona msiyoijua, mnasikia milio mbele, mlitaka nini kitangulie? Na mlipopata majeruhi, alirudishwa nyuma na gari gani?