Sababu ya kuchelewa kazini inayokubalika ni ipi, wakuu? Au mpaka mtu afe?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimeruka mnisamehe. Nimetoka kudhalilishwa sasa hivi. Mbele ya ofisi nzima, mbele ya wageni waliokaa mapokezi, mbele hata ya yule kijana wa mafunzo kwa vitendo ambaye bado hajajua choo kiko wapi.

"Kwani nimemwajiri mtoto wako?"

Ndilo neno nililoambiwa. Simtaji. Mnamjua, kila ofisi inaye. Ni yule anayesimama mlangoni na daftari la mahudhurio kama malaika mtoa roho, na saa ikigonga mbili kamili anachora mstari mwekundu. Ukisaini chini ya mstari wewe si mfanyakazi tena, ni mhalifu unayesubiri hukumu.

Usiku mtoto wangu alipandisha homa. Alfajiri akashikwa na degedege. Macho yamepanda juu, meno yameuma, mwili umekakamaa halafu unarusharusha mikononi mwangu, na mimi baba mzima sina la kufanya. Tukakimbia naye hospitali. Alipotulia akalala, plasta ya dripu mkononi, nikamwacha na mama yake nikaja kazini. Nilikuja, jamani! Ningeweza kabisa kubaki. Na nikiwa palepale hospitali nilishamwandikia ujumbe, akausoma, alama za kusomwa nimeziona.

Nafika, mstari umeshachorwa. Najieleza kwa adabu zote, sauti ya chini, shati langu begani lina matapishi ya mtoto. Akalitazama shati. Nasema ALILITAZAMA SHATI. Aliliona doa, akaniangalia usoni, halafu ndipo akapaza sauti iliyosikika mpaka kwa majirani wa ghorofa ya juu: "Kwani nimemwajiri mtoto wako?"

Na watu wakacheka! Wengine wana watoto wadogo kuliko wangu, wamecheka!

Huyuhuyu akichelewa yeye "alikuwa na kikao nje". Vikao gani hivyo anavyorudi navyo amenyolewa nywele na poda bado iko shingoni? Foleni ikimshika yeye ni foleni, ikitushika sisi ni uzembe. Mvua nayo humnyeshea yeye peke yake.

Fomu yake ya sababu zinazokubalika ninayo hapa mkononi. Imeandikwa: kifo cha mzazi, mwenza au mtoto, uambatanishe cheti. Yaani mtoto wangu angekufa leo ningekuwa na sababu. Amepona, nimekuwa mzembe.

Kwani nimemwajiri mtoto wako. Mtu mzima na ndevu zake anatamka hivyo. Semeni wakuu, maana mimi nitapasuka.

Mzee wa Zamu: Pole sana mkuu. Kwanza mtoto anaendeleaje? Hayo mengine baadaye.

Mleta uzi: Ameamka, anaulizia katuni. Asante sana mzee wangu, wewe umeuliza. Yeye hata hakuuliza!

Kalamu ya Risasi: Mimi ni msimamizi na nitasema ukweli mnichukie. Nina mtu ofisini ameshazika bibi wengi kuliko aliopewa na Mungu. Wa pili gari lake huharibika Jumatatu tu. Ukishadanganywa hivyo kila wiki, hata mwenye shida ya kweli unamwona tapeli.

Mleta uzi: Kumbe ni wewe! Nimekujua kwa mwandiko. Bibi za watu zinahusiana nini na shati langu?

Dada wa Kaunta: Mkuu punguza povu. Hospitali wanaandika cheti, ungewaomba ungekuja nacho. Shati lenye matapishi si ushahidi, linaweza kuwa la jana.

Fundi Asiyelala: Dada wa Kaunta una roho ya jiwe wewe 😂😂

Nesi wa Usiku: Wakuu kabla hamjaendelea. Degedege la homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mlaze ubavu, mlegeze nguo, tazama saa. USIMTIE KIJIKO MDOMONI. Likipita dakika 5 halijakata, ni dharura, kimbia hospitali. Na hata likikata lenyewe mpeleke aonwe, homa ina chanzo chake.

Mama Pacha: Eti kijiko hakitiwi? Sisi wote tumekua kwa kijiko. Asipotiwa si atajing'ata ulimi?

Nesi wa Usiku: Ulimi ukiumwa unapona. Kijiko kinavunja meno, na jino likivunjika linaweza kumpalia. Msitie kitu chochote, hata kidole chako.

Mama Pacha: Haya, nimejifunza. Mama mkwe leo ataniona mjuaji.

Msafiri Mkavu: Wenzetu Japani treni ikichelewa unapewa karatasi ya kuthibitisha stesheni, unampelekea bosi, yameisha. Mwaka 2017 kampuni moja ya treni huko iliomba radhi kwa umma kwa sababu treni iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati wake.

Fundi Asiyelala: Ameshafika na Japani yake. Sisi tuna mashine ya vidole hapa inatutesa. Mtu unashika saruji miaka na miaka, alama za vidole zimefifia, mashine haikusomi. Nafika mapema, nasugua kidole kwenye suruali, nabonyeza, inakataa, nyuma yangu foleni inanitukana. Inakuja kunikubali saa mbili na dakika mbili. Nimekatwa mshahara nikiwa NIMESIMAMA MLANGONI.

Dada wa Kaunta: Hilo ni kweli. Hata wenzetu wa usafi wenye mikono ya sabuni kila siku mashine haiwasomi.

Mleta uzi: Jamani tulikuwa kwenye suala langu. Alilitazama shati.

Kalamu ya Risasi: Tumesikia shati.

Mzee wa Zamu: Mashine za kurekodi muda lawama mpelekeeni Willard Bundy, sonara wa Auburn, New York, aliyebuni ya kwake mwaka 1888. Miaka yote hiyo zinawinda anayechelewa kuingia. Anayechelewa kutoka nani anamhesabia? Mimi zamu inaisha saa kumi na mbili, wa kunipokea hajafika, siruhusiwi kuacha mitambo. Hayo masaa yangu hayapo kwenye daftari lolote.

Fundi Asiyelala: HAPO SASA!

Msafiri Mkavu: Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ulihusu jambo hilohilo: kazi za viwandani ziwe saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki.

Mama Pacha: 48? Mimi nikifika Alhamisi nimeshazimaliza.

Kalamu ya Risasi: Sisi wasimamizi ndio hatulipwi kabisa muda wa ziada, na hamna anayetuonea huruma.

Dada wa Kaunta: Kafungue uzi wako tuje tukucheke vizuri.

Mzee wa Zamu: Nafungua mimi, wa muda wa ziada. Fundi, njoo na karatasi zako za mshahara, ufiche jina.