Kubadilisha kadi za milango: DESFire, Seos au simu? (kampuni ya vifaa vya ulinzi, Huntsville)

Lindo_Alabama
Wakuu, habari za zamu. Nipo kitengo cha ulinzi wa majengo kwenye kampuni ndogo hapa Huntsville, tunatengeneza redio za ndege zisizo na rubani za jeshi. Kadi zetu ni zile za zamani za 125 kHz, zinazonakiliwa kirahisi, na uongozi umekubali zibadilishwe. Mezani kuna mapendekezo matatu: DESFire EV3, Seos (zote mbili kadi za kisasa zenye ufunguo wa siri), au simu ya mfanyakazi badala ya kadi. Jibu linatakiwa Ijumaa. Mngechagua ipi?

FundiWaya
Mkuu, hapo hakuna wa kukujibu bado. Milango mingapi? Paneli, yaani kifaa kinachoamuru milango, ni ya aina gani? Visoma kadi vinaongea nayo kwa Wiegand (njia ya zamani) au OSDP (mpya, inayoweza kufichwa kwa ufunguo)? Ukutani kuna waya gani?
Kadi ni nusu ya habari. Kwenye Wiegand namba inapita kwenye nyaya mbili, kijani na nyeupe, ikiwa wazi kabisa. Mtu akifungua kisoma cha nje kwa bisibisi na kubandika kifaa kidogo nyuma yake, anavuna namba za watu wote wanaoingia asubuhi, hata kadi iwe ya kisasa namna gani.

Bi_Zuhura
Na humo ndani kuna nini? Michoro ya ITAR (kanuni za Marekani za kudhibiti teknolojia ya kijeshi isitoke nje), CUI (taarifa za serikali zinazolindwa ingawa si siri rasmi), au mna chumba cha Secret (siri rasmi za serikali)?
Kwa CUI, NIST 800-171, ile orodha ya masharti ya kuilinda, inadai mdhibiti anayeingia, mgeni asindikizwe, kumbukumbu za kuingia zitunzwe, na kadi na funguo ziwe na hesabu. Aina ya kadi haikuitaja. Chumba cha Secret ni habari nyingine: usiku hakifungwi kwa kadi, kinafungwa kwa kufuli ya namba inayokidhi FF-L-2740 (kiwango cha serikali cha kufuli), mfano X-10, na SF 702 (fomu ya ukaguzi) inajazwa kila kikifunguliwa na kufungwa. Kisoma kadi pale ni cha saa za kazi tu.

Lindo_Alabama
Asanteni. Milango 22, yote Wiegand. Waya ni wa nyuzi sita wenye kinga, unene 22 AWG. Chumba cha Secret ni kimoja, kwingine ni ITAR. Paneli nitaangalia.

Otieno_TX
Basi simu itoe kabisa. Mlangoni pa hicho chumba simu zinaachwa kwenye makabati ya nje, sasa mtu atafungua na nini? Utalazimika kuwapa kadi hata hivyo, na utakuwa na mifumo miwili ya kutunza.
Mimi ni Seos. Timu yenu ni ndogo, na DESFire inataka mtu wa kutunza funguo za siri. Kwa Seos unaomba ufunguo wa kampuni yenu peke yenu, mtengenezaji anautunza, kadi zinakuja tayari.

FundiWaya
Otieno, Seos si mbaya, lakini ufunguo wa jengo la vifaa vya jeshi kukaa kwa mtu wa nje mimi sikubali. DESFire inakuachia uwe wako.
Ila mfumo huharibikia kwenye usanidi, si kwenye kadi. Inavyoharibika ni hivi, na inajirudia sehemu nyingi. Kampuni inanunua DESFire yenye AES-128, usimbaji imara. Fundi anataka kumaliza kabla ya jioni, anaweka visoma visome UID tu, ile namba ya chipu ya kiwandani. UID haina siri, kadi huitaja kwa kisoma chochote kabla ya kuthibitishana. Milango inafunguka, taa ya kijani inawaka, kazi inapokelewa. Pesa imekwenda na ulinzi umebaki ule ule.
Kosa la pili ni la kipindi cha mpito. Visoma vinawekwa visome 125 kHz za zamani na 13.56 MHz za kadi mpya pamoja ili watu wasikwame, kisha hakuna anayerudi kuzima ya zamani. Kadi mpya nazo zimepewa namba zile zile ili hifadhidata isiguswe. Mwenye nakala ya kadi ya zamani anaendelea kuingia. Hata kunakili si lazima: muundo wa namba wa biti 26 una biti 8 za eneo, 16 za kadi na 2 za ukaguzi, na yeyote anaweza kuagiza kadi zenye namba anazotaka. Akiingia, kumbukumbu inaonyesha jina la mfanyakazi halali, na huyo ndiye atakayeitwa kuhojiwa.
Kwa hiyo mkataba useme: visoma visome faili lililofungwa kwa AES, si UID. Kila kadi na ufunguo wake. Tarehe ya kuzima 125 kHz iandikwe. Siku ya kupokea kazi, gusisha kadi ya zamani na DESFire tupu kwenye milango yote 22, na zote zikataliwe. Ufunguo mkuu ugawe nusu mbili kwa watu wawili, bahasha mbili, sefu mbili.
Nyaya zako zinaweza kubeba OSDP kama si ndefu sana: mbili za data, mbili za umeme. Waya wa namna hiyo kwa kawaida haujasokotwa, kwa hiyo baki kwenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Visoma vikiwa kwenye mstari mmoja, kila kimoja kiwe na anwani yake, na rezista ya ohm 120 ikae kwenye ncha mbili za mstari tu, si kila kisoma. Kisha washa njia ya siri ya OSDP (mawasiliano yaliyosimbwa), badilisha ufunguo wa kiwandani na uzime hali ya usakinishaji. Ikibaki wazi, kifaa kigeni kinaweza kuomba ufunguo na kupewa.

Mama_Geti
Mnabishana kadi na hamjauliza mlango umefungwa na nini. Kama ni sumaku ya ratili 1,200 na kihisi cha joto upande wa ndani, hakuna haja ya kadi. Mtu anapuliza gesi ya kopo kupitia upenyo wa chini, kihisi kinaona mabadiliko ya joto, sumaku inaachia.
Halafu umeme. Sumaku hiyo kwa volti 12 inakula karibu nusu ampea. Milango minne kwenye betri moja ya 7 Ah ni ampea 2: kwa hesabu saa tatu na nusu, kwa betri iliyochoka ni pungufu sana. Ikiisha, milango yote minne iko wazi. Weka kufuli inayobaki imefungwa umeme ukikatika, yenye mkono unaofungua kwa ndani wakati wote. Swichi ya kutokea iwe ndani ya mkono huo, si kihisi cha darini.

Otieno_TX
Mama, mlango wa kioo wa mapokezi utaiweka wapi kufuli hiyo? Hapo ni sumaku tu. Kinachotakiwa ni kitufe kinachokata umeme moja kwa moja kwa sekunde 30, na king'ora cha moto kikilia sumaku iachie.

Mama_Geti
Mapokezi sawa, kuna mlinzi amekaa pale. Milango ya nyuma sikubali.

Lindo_Alabama
Ya nyuma sita ni sumaku, na vihisi vipo. Nimepiga picha, nampelekea bosi leo.
Swali la pembeni: zamu ya usiku tunaongezewa mlinzi mwenye grini kadi. Anaruhusiwa sakafu ya ITAR?

Bi_Zuhura
Kwa ITAR, ndiyo. Mkazi wa kudumu anahesabiwa mtu wa Marekani, hata aliyekuja kwa bahati nasibu ya viza. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi ya kisiasa pia. Mwenye viza ya masomo au ya kazi, hapana: mchoro ukiwa wazi mezani akausoma, hiyo tayari inahesabiwa kusafirisha nje ya nchi. Wafanya usafi nao waangaliwe, wanasahaulika sana.
Chumba cha Secret ni raia mwenye kibali. Kwa hiyo kadi yake isifungue mlango huo, na namba za X-10 asizijue. Soma na mkataba wenyewe, ipo inayodai raia jengo zima.

Otieno_TX
Na kamera mmeangalia? Kifungu cha 889 cha sheria ya ulinzi ya Marekani kinakataza kamera za Hikvision na Dahua, na zipo zinazouzwa kwa jina jingine. Linganisha tarakimu sita za mwanzo za anwani ya MAC (namba ya kifaa kwenye mtandao), ndizo za mtengenezaji, usiamini stika.

Lindo_Alabama
Zilikuwepo kabla sijaajiriwa, hazina jina lolote juu. Kuna zilizo juu ya dari ya karakana, ngazi yetu haifiki. MAC naweza kuipata kwenye swichi ya mtandao?

FundiWaya
Ndiyo, ingia kwenye jedwali la MAC la swichi, poti kwa poti. Na ukiwa kwenye hicho chumba cha vifaa, tazama jina la paneli. Kama haina poti ya RS-485, ambayo OSDP hupitia, hesabu ya Ijumaa inabadilika yote.