Utepe, onyo na dakika mbili: je, mashabiki wa spidiwei tunangojeshwa bure?

Mkazi wa Lanet (Nakuru):

Hamjambo nyote. Nimeanza kufuatilia mbio za spidiwei mwaka huu, nazo zimenishika kuliko nilivyotarajia. Kwa asiyezijua, waendeshaji wanne hushindana kwa pikipiki zenye injini ya cc 500, zisizo na breki na zenye gia moja tu, wakizunguka mara nne kwa upande wa kushoto katika uwanja wa udongo. Raundi moja, yaani mizunguko hiyo minne, humalizika kwa takriban dakika moja. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa nne hapati kitu.

Kinachonisumbua ni muda unaopotea kabla ya dakika hiyo moja. Majuzi niliwaalika baba yangu na majirani wawili tutazame pamoja kwenye televisheni, nikitumia bando la simu, na mashindano yakaanza saa mbili usiku kwa saa zetu. Katika raundi moja utepe unaowazuia mbele ya mstari wa kuanzia ulipanda, pikipiki zikachomoka, na kabla hazijafika kwenye kona taa nyekundu zikawaka, wote wakarudi. Mara ya pili mwendeshaji mmoja aligusa utepe, akaondolewa, ikabidi mwingine aitwe ajaze nafasi yake. Mara ya tatu walianza vizuri, lakini wawili wakagongana kwenye kona ya kwanza na mwamuzi akaamuru wote wanne warudie. Ilipofika mara ya nne, jirani mmoja alikuwa amekwisha kuaga ili awahi matatu, na bando langu lilikuwa linaelekea ukingoni.

Baba alisema neno ambalo limenikaa moyoni. Yeye aliwahi kusimama kando ya barabara siku nzima akisubiri magari ya Safari Rally, enzi ambazo mashindano hayo yalipita sehemu kubwa ya nchi. Alisema kwamba kungoja hakukuwa tabu, kwa sababu kila mtu alijua gari limekwama kwenye tope mahali fulani, na hata habari za tope hilo zilikuwa sehemu ya utamu. Hapa alikaa akitazama watu wakikwangua udongo kwa buti na hakuelewa wanangoja nini.

Naomba wenye ujuzi wanieleze: kwa nini kanuni za kuanza ni kali na zenye hatua nyingi kiasi hiki kwa mbio za dakika moja, na je, hakuna namna ya kuzipunguza bila kumdhulumu mwendeshaji?

Aliyesoma Poland (sasa Kisumu):

Ndugu yangu wa Lanet, swali lako ni la haki, nami nimeliishi. Nilipokuwa mwanafunzi Poland nilikuwa nikienda uwanjani mara kwa mara, kwa maana huko spidiwei inapendwa na miji mizima kama sisi tunavyopenda kandanda, na usiku wangu wa kwanza nilirudi bwenini nikiwa na malalamiko kama yako.

Nitaanza na sababu. Katika spidiwei, anayefika wa kwanza kwenye kona ya kwanza huwa ameshika nusu ya ushindi, kwa kuwa walio nyuma yake hurushiwa udongo usoni na kulazimika kutafuta njia nyingine ya kupita. Mkimbiaji wa mita 10,000 akichelewa sekunde moja kuondoka, ana mizunguko 25 ya kuirudisha. Huyu wa spidiwei ana minne, nayo huisha kabla hujameza mate. Kwa hiyo kuiba hata sehemu ndogo ya sekunde pale mwanzoni ni kuiba raundi nzima, na ndiyo sababu ukali wote umewekwa mahali pale.

Utaratibu wenyewe ukiujua, unaanza kuufuata kama hadithi. Kengele inalia na waendeshaji wana dakika mbili za kufika mstarini wakiwa tayari. Anayechelewa anaweza kuondolewa katika raundi. Wakishajipanga, msimamizi wa mstari huwapangia nafasi na kuondoka mbele yao, taa ya kijani inawaka, na tangu hapo hakuna ruhusa ya kusogea. Mwamuzi ndiye mwenye kitufe cha kuachilia utepe, na kwa makusudi haachilii kwa muda uleule kila mara, ili mtu asianze kuhesabu moyoni. Anayetikisika kabla ya utepe kupanda anaweza kurudishwa na kupewa onyo, na onyo la pili katika mashindano hayohayo humtoa. Anayegusa utepe hapewi nafasi ya kujitetea.

Adhabu hazifanani kila mahali. Katika mashindano ya dunia aliyegusa utepe hutoka na mwendeshaji wa akiba huchukua nafasi yake. Katika ligi ya Uingereza timu inaweza kumweka wa akiba, au kumwacha huyohuyo arudie akiwa mita 15 nyuma ya wenzake. Mimi naipenda sana kanuni hiyo ya mita 15. Aliyekosa anaadhibiwa mbele ya macho yetu, na shabiki aliyelipa kiingilio kumwona nyota wake bado anamwona, tena akiwinda kutoka nyuma, jambo ambalo ni tamu kuliko raundi nyingi za kawaida.

Sasa nikuombe utenganishe ucheleweshaji wa aina mbili. Kurudia raundi kwa sababu mtu aliiba, au kwa sababu wote wanne walisongamana kwenye kona ya kwanza na hakuna wa kulaumiwa peke yake, ni gharama ya haki, na mimi nailipa bila kinyongo. Ucheleweshaji wa pili ni ule wa waandaaji kutokuwa tayari, na huo hauna utetezi. Mwaka 2008 duru ya mwisho ya mashindano ya dunia iliyopangwa Gelsenkirchen, Ujerumani, haikufanyika usiku wake kwa sababu ya hali ya njia iliyotengenezwa ndani ya uwanja ule, ikahamishiwa Bydgoszcz, Poland, wiki moja baadaye. Mwaka 2015, katika Uwanja wa Taifa wa Warszawa, mbele ya mashabiki zaidi ya 50,000 waliokuja pia kumuaga Tomasz Gollob, bingwa wa dunia wa 2010, mtambo wa utepe ulisumbua na njia ikaharibika, hadi shughuli ikasitishwa baada ya raundi 12 kati ya 23. Fikiria mtu aliyesafiri na wanawe kutoka mji wa mbali kwa ajili ya usiku huo. Hakuna mwendeshaji aliyemkosea.

Fundi wa Kondele (Kisumu):

Salamu kwenu. Mimi natengeneza pikipiki, za bodaboda zaidi, na nazifuatilia mbio hizi kwa sababu ya injini zake. Naomba niongeze jambo ambalo huonekana kama upotezaji wa muda na kumbe ni kazi.

Lile kukwangua udongo kwa buti si maringo. Kila raundi ikipita, matairi ya nyuma huchimba mahali pa kuanzia, na kufikia raundi ya tatu au ya nne kuna mfereji na udongo laini uliorundikana. Mwendeshaji anatafuta sehemu ngumu ya kuegemeza tairi, kwa maana tairi likizunguka bure kwa muda wa kupepesa jicho, wenzake wamekwenda. Ndiyo maana pia trekta huingia kusawazisha njia baada ya raundi kadhaa, na lori la maji hufuata, kwani udongo mkavu hutoa vumbi na kuteleza. Shabiki anayeona trekta na kukasirika afahamu kwamba bila trekta mbio za mwisho zingekuwa ajali tupu.

Pili, pikipiki hizi hazina kiki wala stata. Husukumwa na mafundi ndipo ziwake, zinatumia methanoli, na injini haikupangiwa kukaa ikinguruma mahali pamoja. Dakika mbili zile ni chache kuliko zinavyoonekana kutoka kwenye kochi.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka lisikike: mwamuzi akiushikilia utepe kwa muda mrefu, yeye mwenyewe anasababisha makosa. Mwendeshaji amefungua mafuta karibu yote na anaizuia pikipiki kwa klachi peke yake. Wateja wangu wa bodaboda wanaopanda mlima wa Riat wakiwa na gunia la mahindi wanajua klachi ikishikiliwa nusu inavyopata moto na kuanza kuvuta yenyewe. Za spidiwei hufanya kazi katika hali kali zaidi. Pikipiki ikianza kutambaa sentimita chache, kamera inaonyesha mtu anayeiba, na huenda mkono wake haukusogea kabisa. Kwa hiyo ukitaka raundi zipungue kurudiwa, usianze kwa kuongeza adhabu. Anza kwa kuwataka waamuzi waachilie utepe mara tu wote wanne wametulia.

Kocha wa riadha (Kakamega):

Ndugu wapendwa, nimefurahia maelezo, hasa ya fundi, lakini naona tofauti kidogo kuhusu maonyo.

Sisi katika riadha tumepita njia hii. Kuanzia 2003 hadi 2009, aliyeanza mapema mara ya kwanza hakuondolewa. Onyo liliwahesabia wote waliokuwa mstarini, na wa pili kukosea, hata akiwa mwingine, ndiye aliyetoka. Matokeo yake ni kwamba wenye mwanzo dhaifu waliweza kuuharibu mwanzo wa kwanza makusudi ili wenye mwanzo mkali waogope. Tangu 2010 ukikosea mara moja unatoka, na anayechomoka chini ya sehemu ya kumi ya sekunde baada ya mlio huhesabiwa kuwa amekosea. Watazamaji walipata mwanzo safi. Lakini mwaka 2011 mjini Daegu, fainali ya mita 100 ya mashindano ya dunia ilimwondoa Usain Bolt kwa kosa moja, na dunia nzima iliyokuwa imekesha ikimngoja ikatazama fainali isiyo na yeye. Vijana wangu wananiuliza kila msimu kama ile ilikuwa haki, nami huwajibu kwamba ilikuwa haki na ilikuwa huzuni.

Naona spidiwei imechagua njia ya kati yenye busara: onyo ni la mtu binafsi, halimwangukii jirani. Hilo tulikosa sisi. Hata hivyo sikubaliani na ndugu aliyesoma Poland kuhusu mita 15. Mita hizo zikimtosha mwendeshaji hodari kushinda, basi kosa halikumgharimu, na wale watatu walioheshimu utepe wamefundishwa kwamba heshima yao haina bei. Mwanariadha hujifunza nidhamu pale anapoona adhabu ni kamili. Kuhusu utepe kushikiliwa, namuunga mkono fundi kwa asilimia mia moja. Hata mwanzishaji wetu mwenye bastola akiwakawiza vijana kwenye «tayari», misuli hutetemeka na mmoja ataanguka mbele tu.

Aliyesoma Poland (sasa Kisumu):

Mwalimu, nakuheshimu, na hoja yako kuhusu wale watatu ni nzito. Nikumbushe tu kwamba mita 15 katika mbio za mizunguko minne, nyuma ya udongo wa watu watatu, ni mbali sana, na anayetoka huko akashinda amefanya kazi ya ziada ya kweli. Mara nyingi huambulia pointi moja.

Kwa ndugu wa Lanet na mzee wako: angalia taa. Kwa desturi mwendeshaji akiondolewa huwashwa taa ya rangi ya kofia yake, na kofia katika mashindano ya dunia ni nyekundu, buluu, nyeupe na njano. Ukiziona taa nyekundu zote zimewaka, raundi imesimamishwa. Baada ya hapo tafuta rangi ya mkosaji, na kama hakuna rangi iliyowashwa, tarajia kuwaona wote wanne tena. Mimi uwanjani nilifundishwa na mzee mmoja aliyekaa kando yangu, aliyekuwa akiandika kila tokeo kwa kalamu kwenye jedwali la programu. Wakati wa trekta alikuwa akijumlisha pointi na kubashiri nani amepangiwa nafasi ya ndani katika raundi zinazofuata. Sikuwahi kumwona akichoka kungoja.

Mkazi wa Lanet (Nakuru):

Nawashukuru wote kwa dhati. Nimemsomea baba majibu haya jioni hii, na aliposikia habari za klachi alicheka kwa furaha akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini yule wa kofia ya buluu alitikisa kichwa kwa uchungu alipoondolewa.

Naondoka na msimamo huu. Kurudiwa kwa raundi nimekukubali, na mita 15 ningependa kuziona katika mashindano ya dunia, ingawa mwalimu amenitia shaka. Jambo ambalo bado nalilalamikia ni ukimya. Mwamuzi anapokata shauri, anayo sababu, nayo ingeweza kutangazwa uwanjani na kuandikwa kwenye skrini kwa sentensi moja: nani amekosea, amekosea nini, na raundi inarudiwa na wangapi. Hilo halihitaji kubadilisha kanuni hata moja, na lingembakiza yule jirani yangu aliyewahi matatu.

Duru ijayo tutaanza kukusanyika saa moja na nusu ili nieleze habari za taa kabla ya utepe wa kwanza, na nimechora jedwali la raundi 23 kwenye daftari. Baba ameomba yeye ndiye ashike kalamu.