Plasmidi yenye nakala moja au mbili tu husalimika vipi bakteria anapogawanyika?

Mdadisi:
Wanajukwaa, salaam. Plasmidi F, yaani DNA ndogo iliyo nje ya kromosomu, huwa na nakala moja au mbili tu katika seli ya bakteria E. coli. Inakuwaje kila seli mpya ipate yake, kizazi baada ya kizazi, ilhali bakteria hawana zile nyuzi zinazovuta kromosomu katika seli zetu?

Darubini:
Ndugu Mdadisi, anza na hesabu. Plasmidi zikitawanyika kiholela, nakala 20 huacha seli tupu mara moja tu katika migawanyiko zaidi ya 500,000, lakini nakala mbili zingeacha seli tupu katika nusu ya migawanyiko yote. Ndiyo maana plasmidi R1, ambayo nayo ina nakala chache, hubeba mtambo wake yenyewe. Protini ParR hushika kipande cha DNA kiitwacho parC, kisha ParM, protini ya jamii ya aktini (ile inayounda nyuzi ndani ya seli zetu), hujipanga kuwa uzi kati ya plasmidi mbili. Molekuli mpya za ParM hujipachika pale pale uzi unapogusana na ParR, hivyo uzi hurefuka na kuzisukuma plasmidi hadi ncha mbili za seli. Linalonivutia zaidi ni kwamba uzi usioshikwa na plasmidi huporomoka upesi, kwa hiyo unaodumu ni ule tu uliopata mzigo pande zote mbili.

Mkaa Maabara:
Maelezo ya R1 ni sahihi, ila F aliyoiulizia Mdadisi haisukumwi hivyo. Protini SopB hukaa juu ya eneo la plasmidi liitwalo sopC, na protini SopA hutanda juu ya DNA ya kromosomu. SopB inapoigusa SopA huichochea kuvunja ATP (molekuli ya nishati) na kuiachia kromosomu, kwa hiyo plasmidi huacha nyuma yake eneo lililopungukiwa na SopA na kuelekea kule ambako bado imejaa. Nakala mbili, kila moja ikifagia upande wake, huishia kutengana.

Hata mtambo huo ukikosea, F ina kinga nyingine: sumu CcdB na kiuasumu chake CcdA. CcdA huoza haraka, na seli iliyokosa plasmidi haiwezi kukitengeneza upya, na CcdB iliyobaki hushambulia kimeng'enya cha gairesi, kinachosimamia msokoto wa DNA, hadi seli hiyo ife.

Mdadisi:
Nashukuruni sana. Nilikuwa natafuta kamba ya kuvuta, kumbe R1 husukuma! Je, plasmidi zenye nakala nyingi hazihitaji msaada wowote?

Mkaa Maabara:
Zinahitaji. Nakala za ColE1, plasmidi mojawapo ya aina hiyo, zikiungana mbilimbili, idadi ya vipande vya kugawana hupungua, na seli tupu huongezeka. Protini XerC na XerD huzitenganisha tena kwenye eneo la DNA yake liitwalo cer.