Kwa nini kundi la marafiki katika hadithi halimfukuzi mwenzao ambaye hakuna anayempenda?

Mleta mada

Naomba tujadili jambo linalonisumbua kila ninaposoma riwaya au kutazama tamthilia inayohusu kundi la marafiki. Mara nyingi kundi hilo huwa na mtu mmoja ambaye wenzake hawamtaki: hulalamika, hujisifu, huvuruga mipango, humdhihaki hata anayemlisha, na kila anapoingia mlangoni nyuso za wengine hukunjamana. Hata hivyo, sehemu inayofuata ikianza, yumo, ameketi palepale pake, na hakuna anayeuliza ni nani aliyemwalika.

Jibu la haraka ni kwamba mwandishi anamhitaji. Watu wanaopatana katika kila jambo hawazai hadithi, na mhusika mkorofi huleta ugomvi bila mwandishi kulazimika kumtafuta adui kutoka nje. Ni kweli, lakini jibu hilo linaeleza haja ya mwandishi tu. Wahusika hawajui kwamba wamo ndani ya hadithi, kwa hiyo nao wanapaswa kuwa na sababu yao ya kumvumilia, na hapo ndipo waandishi wengi wanapotuacha mikono mitupu.

Waandishi wa kale walikuwa waangalifu zaidi katika hili. Katika masimulizi ya Mfalme Arthur, mfalme wa hekaya za kale za Uingereza, Kay, mmoja wa watu wa baraza lake, ni mtu wa maneno makali na majivuno, ambaye mara nyingi huwakejeli mashujaa wageni na kisha kuaibika yeye mwenyewe. Mbona hafukuzwi barazani? Kitabu cha Thomas Malory, Mwingereza aliyeyaandika upya masimulizi hayo, kilichochapwa mwaka 1485 kinatoa sababu mapema kabisa: Arthur alilelewa na Ector, baba yake Kay, na siku ilipojulikana kwamba Arthur ndiye mfalme, mzee huyo aliomba jambo moja tu, kwamba mwanawe apewe usimamizi wa nyumba na ardhi za mfalme. Arthur akaahidi kwamba hakuna mwingine atakayeshika cheo hicho maadamu wote wawili wako hai. Kuanzia hapo msomaji hana haja ya kuuliza tena. Ndugu mui heri kuwa naye, tena ndugu ambaye baba yake alikulea.

Msimamo wangu, basi, ni huu: mhusika asiyependwa anabaki kwa haki pale tu mwandishi anapotuonyesha kamba inayomfunga kwa wenzake, iwe ni undugu, deni, nyumba wanayoishi pamoja au siri wanayoificha. Kamba hiyo isipokuwapo, maelezo yanayobaki si mazuri kwa kundi: wanamweka kwa sababu wanapata faida ya kuwa na mtu wa kumcheka. Hapo hao si marafiki wema kama mwandishi anavyotaka tuamini.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubaliana nawe kuhusu Kay, lakini nakataa sharti lako kwamba lazima kuwe na kamba. Unazungumza kana kwamba urafiki ni chama chenye katiba, ambacho wanachama wake hupiga kura ya kumwondoa mwenzao. Katika maisha ya kawaida hakuna mwenye mamlaka hayo. Kumfukuza mtu kunahitaji mmoja ajitokeze na kusema wazi, na huyo atakayesema ataonekana mbaya kuliko yule anayelalamikiwa. Kuna insha ya mwaka 2003, iliyosomwa sana na wapenzi wa michezo ambayo kila mchezaji hujifanya mhusika wa hadithi, iliyoeleza imani potofu za makundi ya namna hiyo. Imani ya kwanza ni kwamba anayemtenga mwenzake ni mwovu, hasa kwa watu ambao wao wenyewe waliwahi kutengwa.

Nitoe mfano wangu. Tulikuwa marafiki sita, na mmoja wetu alikuwa mtu wa kuchosha kupindukia. Tulikaa naye miaka mingi. Alipohamia mji mwingine ndipo tulipogundua kwamba kila mmoja wetu alidhani yule ni rafiki wa mwingine, na kwamba kumkataa kungekuwa kumvunjia heshima mwenzake aliyemleta. Hapakuwa na deni wala siri, na wala hatukuwa tukimcheka. Mwandishi akiandika hali kama hiyo bila kuieleza, anaandika ukweli.

Mchangiaji wa pili

Naona mnasahau hadhira. Kuchukiwa na wahusika wenzake si sawa na kuchukiwa na watazamaji. Mfano mzuri ni Steve Urkel wa kipindi cha Marekani cha Family Matters, kilichoanza mwaka 1989. Ni kijana jirani, msumbufu, anayeingia nyumbani kwa watu bila kukaribishwa na kuvunja vitu vyao. Alikusudiwa kuonekana mara moja tu. Watazamaji wakampenda, akarudishwa, na baada ya muda kipindi kizima kikawa chake, hadi kilipomalizika mwaka 1998. Familia ile iliendelea kukunja nyuso kwa sababu huko kukunja nyuso ndiko kulikokuwa kichekesho chenyewe. Ukimtafutia sababu ya ndani ya hadithi utachoka bure, kwa maana sababu ilikuwa sebuleni kwa watazamaji.

Mleta mada

Nashukuru kwa hoja zote mbili. Nianze na ya pili, kwa kuwa ni nyepesi zaidi: sikatai kwamba hadhira ina nguvu ya kumbakiza mhusika, ila nasema kwamba hata pale waandishi huona haya na hatimaye huitafuta kamba. Katika The Big Bang Theory, tamthilia ya vichekesho ya Marekani iliyoanza mwaka 2007, Leonard anaishi na Sheldon, mtu anayempangia hata saa za kwenda msalani na kumfungia mkataba mrefu wa upangaji. Ilipofika mwishoni mwa msimu wa tatu, waandishi walirudi nyuma kutuonyesha jinsi Leonard alivyoingia katika nyumba ile: alikosea katika jaribio la mafuta ya roketi, Sheldon akamwokoa kutoka katika mlipuko ambao ungemuua, kisha hakumshtaki kwa yeyote. Kwa nini watumie sehemu nzima kueleza hilo, ikiwa vicheko vya watazamaji vilitosha?

Hoja ya mchangiaji wa kwanza ni nzito zaidi na imenifanya nipunguze ukali wa msimamo wangu. Woga wa kuwa wa kwanza kusema nao ni kamba, tena imara. Lakini iwapo mwandishi anaijua, basi atuonyeshe huo woga: mtu mmoja afungue kinywa kisha anyamaze, au wawili wabaki nyuma na kuulizana kwa sauti ya chini. Nyinyi wenyewe mligundua siri yenu kwa kuzungumza, na mazungumzo hayo ni hadithi nzuri kuliko nyingi nilizosoma.

Kuhusu faida ya kuchekwa, sijairudisha nyuma hata hatua moja. Katika kitabu cha pili cha Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki kuhusu vita vya Troia, jeshi la Wagiriki limechoka na vita na limekimbilia merikebu ili lirudi nyumbani. Likakusanywa upya kwa shida. Ndipo Thersites, ambaye mshairi anamsawiri kuwa mtu mwenye sura mbaya kuliko wote waliokwenda Troia, anasimama na kumshutumu Agamemnon, mkuu wa jeshi, kwa ulafi. Odysseus, mmoja wa wafalme wa Wagiriki, anampiga Thersites kwa fimbo mgongoni, naye analia. Askari, ingawa wana huzuni, wanamcheka, na wanasema kwamba hili ndilo jambo jema kuliko yote aliyowahi kuyatenda Odysseus. Angalieni kilichotokea: watu waliokuwa wakitawanyika dakika chache zilizopita sasa wameungana katika kicheko kimoja. Na shutuma za Thersites zinafanana sana na zile ambazo Achilles, shujaa anayeheshimiwa, alikwisha kuzitoa katika kitabu cha kwanza.

Mchangiaji wa tatu

Mfano huo wa Thersites unanikumbusha jambo lisilo la kale hata kidogo. Katuni ya Dungeons & Dragons, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia mwaka 1983 hadi 1985, ilihusu vijana sita waliopotea katika ulimwengu wa ajabu, na mmoja wao, Eric, alikuwa mlalamishi asiyekubaliana na wenzake. Mark Evanier, mmoja wa waliokiandaa kipindi hicho, amekwisha kueleza kwamba mhusika huyo aliwekwa kwa shinikizo la washauri na makundi ya wazazi waliotaka watoto wafundishwe kwamba kundi huwa sahihi na anayelalamika huwa amekosea. Yeye mwenyewe hakulipenda funzo hilo.

Kwa hiyo kuna sababu ya nne ambayo haikutajwa hapa: mhusika asiyependwa hubakizwa ili ashindwe kila juma mbele ya macho yetu. Na jambo la kushangaza ni kwamba silaha aliyopewa Eric ilikuwa ngao, ambayo aliwakinga nayo walewale waliomdharau. Nilipokuwa mtoto sikuliona hilo.

Mchangiaji wa kwanza

Ngao hiyo imenigusa, nami naona sina budi kuumalizia mfano wangu, kwa sababu niliukata katikati. Baada ya mwenzetu kuhama, tulifurahi, tukasema kwamba sasa tutakutana kwa raha. Tulikutana mara mbili tu. Yeye ndiye aliyekuwa akitupigia simu, akipanga siku na mahali, na akitulaumu mmoja mmoja kwa kuchelewa, na lawama hizo zilikuwa sehemu kubwa ya mambo tuliyochukia kwake. Sijui mleta mada ataiweka wapi sababu hii, maana hatukumweka kwa deni wala kwa kumcheka, na wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na mtu.