Pambo la meza la kuliwa, bila kuwasha jiko

Mama wa Mkomani, Lamu: Assalaam aleikum. Jumamosi nina wageni wa harusi na meko yote yameshikwa na pilau na samaki wa kupaka. Nataka kitu cha katikati ya meza, kipendeze macho, waanze kukila wakingoja chakula. Kisipikwe kabisa.

Shangazi wa Langoni: Waaleikum salaam mwanangu. Simamisha nanasi. Chagua lenye majani mabichi, kata kitako lisimame wima kwenye sinia, usilimenye. Kisha chomeka vijiti vya meno vyenye embe na tango mwili mzima. Embe ngowe, iliyoiva lakini ingali ngumu. Laini huteleza chini. Kuzunguka, panga tende zilizotolewa kokwa, ndani utie lozi au korosho. Hapo ndipo wageni watakapotua mikono, kwa hiyo usizihesabu kwa ubahili. Ndimu, chumvi na pilipili ya unga nyunyiza wageni wakishakaa. Chumvi huvuta maji, ikitangulia sinia zima linarowa.

Msomaji wa Malindi: Shangazi kasema vizuri. Mimi ningeweka sinia juu ya lingine lenye barafu. Na mtindi au mayonesi ya kuchovya usitie: joto likipita nyuzi 32, vitu hivyo visikae nje zaidi ya saa 1.

Mama wa Mkomani: Ahsanteni sana. Nanasi nitalitafuta sokoni kando ya ngome. Nikate embe usiku?

Shangazi wa Langoni: Asubuhi, mwanangu. Usiku jaza tende tu.